Mawe Ndani ya Udongo

Ukuta wa Kaviha uliangukia ndani. Hilo ndilo nililolishika siku ya mazishi. Watu walikuwa wakisema ni kudra ya Mungu, na mimi nilikuwa nikitazama jinsi fito zilivyolala. Masika yalikuwa yamenyesha mfululizo, udongo ukanywa maji mpaka ukashindwa kujibeba, na ukuta mzima ukamlalia mama yake Kaviha, bibi mzee aliyekuwa amejinyoosha kitandani baada ya chakula cha mchana. Tulisikia mshindo kama wa gunia linalotupwa chini, basi.

Kaviha alikuwa jirani yangu pale Magogoni, Kisauni. Baada ya matanga alifunga vyombo vyake akarudi kwao Kaloleni. Mimi nilibaki na binti yangu Salme, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, na kitanda chake kiliegemea ukuta wa udongo kama ule ule. Nikakisogeza katikati ya chumba. Haikusaidia. Mawingu yakikusanyika tu, mikono yangu ilikuwa ikiisha nguvu, hata nikiwa kazini nikashindwa kushika mwiko.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na saba.

Ardhi tuliyoikalia ilikuwa ya Mwinyihaji, na kabla yake ya baba yake. Nyumba ilikuwa yetu. Chini yake hapakuwa petu. Watu wengi wa Kisauni waliishi hivyo, na sharti lilijulikana na mtoto mdogo: jenga kwa miti, fito na udongo, ezeka utakavyo, lakini jiwe usiweke. Nyumba ya udongo ni mgeni, ukiambiwa ondoka unang'oa miti yako unaondoka. Jiwe likishakaa juu ya ardhi ya mtu, huwa la mwenye ardhi, na aliyelijenga hutoka na nguo zake.

Pesa hazikuwa tabu yetu. Mume wangu Jumaa alikuwa baharia wa meli za mizigo, akija nyumbani mara moja kwa mwaka. Mimi nilikuwa na diploma ya upishi na nilisimamia kantini ya kiwanda kimoja Changamwe. Tulikula vizuri kuliko Khatibu, msimamizi wa Mwinyihaji, ambaye alikuwa na koti moja la mvua na la jua. Kwa hiyo nilivaa buibui langu jipya nikaenda Mkomani, kwa Mwinyihaji mwenyewe, nikamwomba aniuzie kile kipande changu. Alinikaribisha kwa upole, akaniletea sharubati, akaniuliza habari za Jumaa. Kisha akasema:

"Mwanangu Tima, ile siuzi kwa watu wangu. Nikiwauzia watu wangu, watakuwa watu wa nani?"

Hakukunja uso. Nilimaliza sharubati, nikaaga kwa adabu, na barabarani nikapita kituo cha matatu bila kukiona, ingawa hakuna tusi nililotukanwa.

Nikamtafuta fundi. Nzai alikuwa mwashi aliyekaa Jomvu Kuu, mbali na midomo ya Magogoni. Alikuja, akazunguka nyumba, akasikiliza nilichotaka.

"Unataka nyumba ya mawe isiyoonekana," alisema.

"Ndiyo."

"Mama, mimi ni mwashi. Wa kuficha vitu ni mganga, yuko Rabai, ana tunguri."

"Nje tuache udongo kama ulivyo. Jenga kwa ndani."

Akakuna kidevu, akapima kwa mkono wake. "Vyumba vitapungua."

"Vipungue."

Mawe yalikuja kidogo kidogo kwa mkokoteni, yamefunikwa makumbi ya nazi, na aliyeuliza aliambiwa ni makumbi ya kuwashia moto. Nzai alifanya kazi mchana, radio ikipiga taarabu kwa sauti ya juu, na mama mkwe wangu Nana alikaa barazani akisuka ukili, kazi yake ikiwa kukohoa mtu akikaribia. Chumba baada ya chumba, ukuta wa mawe ulisimama ndani ya ukuta wa udongo. Kabati la Jumaa halikuingia tena chumbani. Kilichonitisha zaidi kilikuwa madirisha. Nyumba ya udongo dirisha lake halina kina. Letu sasa lilikuwa na kina cha kuweka mtungi. Nikatundika mapazia mazito madirishani na mlangoni, nikamkataza Salme kuyafungua hata kwa joto la Februari.

Khatibu alikuwa akipita kila Ijumaa baada ya swala. Hakuwa akiingia ndani, kwa kuwa mwenye nyumba hayupo na ndani mna wanawake. Alikaa barazani, akanywa kahawa, na akiondoka aliweka kiganja juu ya ukuta kama mtu anayempapasa ng'ombe wa mnadani.

"Nyumba yenu inakaa vizuri, Bi Tima."

"Naikandika kila baada ya mvua."

"Wenzako nao wanakandika."

"Labda hawaweki samadi ya kutosha."

Alicheka. Mimi nilimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya madrasa. Kila Ijumaa ilikuwa hivyo, na usiku wake Nana hunambia, "Yule mtu mato yake hayalali. Mwanangu, umejenga kaburi la mawe, na wewe mwenyewe ndiye umo ndani."

Lakini Salme alikuwa analala kando ya ukuta wa jiwe, na mimi nilikuwa nalala.

Masika ya themanini na tisa yalikuja vibaya. Siku ya tatu ya mvua, mchana, nilisikia ule mshindo ninaoujua, nikatoka mbio. Nyumba ya Rosalia ilikuwa imekaa chini. Rosalia alikuwa mke wa Odhiambo, dereva wa lori la mchanga, watu wa bara waliopanga nyumba nyuma yetu. Watoto walikuwa shuleni, na yeye alikuwa nje akikinga maji, Mungu akamhifadhi. Alisimama kwenye mvua, bado ameshika sufuria.

Nana alinishika kanga mlangoni. "Ukiwafungulia hawa, umefungua na midomo yao."

"Niwaache wapi, mama?"

Nikawafungulia. Rosalia aliingia, akatazama dirisha, akatia mkono wake mpaka kiwiko kwenye kina chake, akanitazama. Jioni Odhiambo alikuja na watoto, na alipovuka kizingiti akacheka kicheko kifupi.

"Kumbe tumekaa jirani na tajiri, Mama Salme."

"Huu si utajiri. Ni woga."

"Hata woga una bei," alisema. "Wetu haujengi."

Kesho yake asubuhi udongo wa nje ulianza kushuka. Ulishuka vipande vipande, kama ganda la muhogo uliochemka, ukiacha mawe meupe yakioshwa na mvua. Nilitoka na karai la udongo nikajaribu kukandika. Nilikandika huku, kule kukaanguka. Rosalia akanisaidia. Mwisho alijifuta uso, akasema, "Mama Salme, acha. Nyumba yako imevua nguo, na huna kanga ya kuitosha."

Tulisimama tukiitazama. Nyumba nyingi za mtaa zilikuwa zimeinama au zimelala. Yetu ilisimama wima, peke yake, ikionekana kutoka barabarani.

Khatibu hakungoja Ijumaa. Alikuja siku hiyo hiyo, koti kichwani, maji yakimfika kwenye ugoko. Aliweka kiganja ukutani kwa mazoea, akakiondoa upesi. Nilimkaribisha kahawa. Akasema hana nafasi. Midomo yake ilikuwa imekauka licha ya mvua yote ile.

Mvua ilipokatika, Mwinyihaji alikuja mwenyewe. Gari lake, Pijo nyeupe, lilisimama mbali, matope yanapoanzia, na Khatibu akatangulia amembebea kiti. Kilitiwa mbele ya baraza yangu. Mwinyihaji akaketi, akaizungusha bakora yake taratibu, akaitazama nyumba kutoka chini mpaka juu. Majirani walijifanya wanaanika magodoro.

"Shikamoo, mwinyi," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Umejenga vizuri. Nani fundi wako?"

"Mtu wa kupita, mwinyi."

"Anajua kazi." Alielekeza bakora kwenye dirisha. "Watu wamenambia nije kubomoa. Nikasema, atabomoaje mtu kitu kizuri namna hii? Mimi sina tabia hiyo. Kaeni."

Nana, nyuma ya pazia, alisema alhamdulillahi.

"Ila," akasema Mwinyihaji, "mama watoto wangu amechoka siku hizi. Na nyinyi ni watu wetu tangu wazee. Huyu binti yako nimemwona, ana haya, ana mikono myepesi. Mwache aje Mkomani akae na mwenziwe huko. Atalelewa."

"Anasoma, mwinyi. Yuko darasa la saba."

"Kusoma atasoma. Nani kamkataza? Muulize Khatibu. Binti yake tunaye, mwaka wa ngapi sasa?"

Khatibu alikuwa amesimama nyuma ya kiti. "Hana tabu, mwinyi," alisema, akitazama miguu yake. "Wallahi hana tabu."

"Na nisipokuwa na uwezo wa kumtoa?" niliuliza.

Mwinyihaji alinitazama kwa huruma ya kweli. Mpaka leo naamini ilikuwa ya kweli. "Basi itakuwa hatuelewani, mwanangu. Na jiwe unajua liko chini ya sheria gani. Jumapili nitamtuma dereva." Akainuka. Khatibu akakibeba kiti.

Salme alikuwa jikoni, kasikia kila neno. Alikuwa akisugua sufuria iliyokwisha safishika, akiisugua tu. Sikumwambia usiogope. Mtoto hadanganywi hivyo.

Nana ndiye aliyeanza. "Si jambo baya," alisema. "Mimi nililelewa nyumba ile, enzi za baba yake. Nilijifunza adabu, nikajua kupika biriani ya watu mia. Nilipoolewa walinipa kanga na kitanda. Wewe umesoma, hujui kuwa mtu mdogo huishi kwa kujibanza kwa mkubwa."

"Ulikuwa ukila wapi, mama?"

"Jikoni. Sote tulikula jikoni."

"Na wao?"

"Wao kwao. Swali gani hilo?"

"Ulilala wapi?"

Akapeleka ukili wake mbele, akaurudisha. "Mlangoni kwa bibi. Sakafuni. Akiita niwe karibu." Akaendelea kusuka. Baada ya kitambo akasema, kwa sauti nyingine, "Alikuwa akiita sana."

Ijumaa Khatibu alipita kama kawaida. Alikaa barazani, akaipokea kahawa, hakuinywa. Nilisimama nyuma ya pazia la mlango.

"Bi Tima," alisema, akitazama njia, "binti yangu aliingia nyumba ile akiwa darasa la tatu."

"Sasa yuko la ngapi?"

"La tatu."

Nikalisogeza pazia kidogo nimwone.

"Ana miaka kumi na sita," aliendelea. "Nikienda kupeleka habari za kodi, huniletea maji kwa trei. Hunisalimia kwa jicho. Mimi nilipewa kazi hii, na nyumba yangu haikuguswa." Akakigeuza kikombe mkononi. "Yako pia haitaguswa. Itakaa miaka mingi."

"Nikikataa ataichukua."

"Ataichukua. Ashaanza kuisema. Anataka kumweka mkwewe."

Nikafikiri. Kichwa changu kikiogopa hufanya kazi kama jikoni saa ya chakula, kila kitu na mahali pake. Jumaa alikuwa baharini, hakuna wa kumuuliza. Milcah, mpishi mwenzangu wa kantini, alikuwa na chumba cha kupangisha uani kwake Changamwe. Odhiambo alikuwa na lori.

"Anachotaka ni jiwe," nilisema. "Asipolikuta?"

Khatibu akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni. "Mimi sikusikia."

"Sikusema kitu."

"Lakini nyundo nitazisikia, Bi Tima. Nikizisikia sina budi kwenda Mkomani nikaseme, au nimekwisha." Alisimama, akavaa koti lake ingawa hakukuwa na mvua. "Nitakwenda kwa miguu. Njia ya chini imejaa maji, itabidi nizunguke. Na mguu huu wangu mnaujua."

Hakuna aliyewahi kusikia kuwa Khatibu ana mguu mbovu.

Jumamosi, kulipokucha tu, Nzai, niliyemwita usiku, alipiga mtalimbo kwenye ukuta wa jikoni, ukuta wa kwanza alioujenga. Alipiga kama anapigwa yeye. "Kubomoa kazi yako mwenyewe ni kama kula matapishi," alisema, lakini hakusimama. Nilimwona Khatibu akipita barabarani, amejikunyata, akichechemea kwa mguu wa kulia. Baadaye, mbali kidogo, alichechemea kwa wa kushoto.

Watu walikuja bila kuitwa. Wengine walidhani nimeingiwa na wazimu. Bibi mmoja alinishika bega akanambia, "Mwanangu, kwani kumtoa mtoto ni kifo? Sote tumewatoa." Nilimwondoa mkono, nikachukua nyundo. Rosalia alipanga msururu wa wanawake, jiwe likatoka mkono hadi mkono mpaka kwenye lori, ambalo mwenyewe, tajiri wa Odhiambo, hakuwa ameulizwa. Yaliyotoka mazima tulipakia. Yaliyovunjika watu waliyabeba kujazia misingi yao, nami nikawaambia wachukue. Nana alikunja mapazia moja moja, akayakalia.

Kila gari lililonguruma barabarani tulisimama na mawe mikononi. Lilikuwa lori la soda. Lilikuwa basi. Nilimwita Salme kila mara nimwone yuko wapi, mpaka akanambia, "Mama, niko hapa hapa, nimekushika nguo."

Adhuhuri ilipoadhiniwa ukuta mmoja bado ulisimama. Nikasema basi, uacheni huo. Odhiambo akawasha injini. Rosalia na watoto wake walibaki kungoja safari ya pili, Nana na Nzai walipanda nyuma juu ya mawe na mabati, Salme akakaa kati yangu na dereva, na tukaondoka taratibu, lori likinung'unika.

Tulikutana nayo pale njia inapobanwa kati ya ua wa madrasa na mtaro. Pijo nyeupe. Safari hii ilikuwa imeingia mpaka ndani, matope yamerukia vioo. Magari mawili hayapishani pale. Dereva wake alitoa mkono akatuashiria turudi nyuma.

Odhiambo hakuangalia pembeni. "Nikirudi nyuma na mzigo huu, tunazama," alisema polepole. "Tukizama hapa, Mama Salme, ndio basi."

"Simama hapo hapo."

Injini zilinguruma zote mbili. Kioo cha nyuma cha Pijo kikashuka, na Mwinyihaji akatoa uso wake. Hakututazama mimi wala Odhiambo. Wala hakuyatazama mawe.

"Salme," aliita, kwa sauti ya babu. "Salme, mwanangu."

"Abee," alijibu mtoto. Ndivyo nilivyomfunza, na neno lilimtoka kabla sijamziba.

"Shuka uje unisalimie."

Salme alitikisika. Mguu wake ulikwisha anza kutafuta mlango, kwa kuwa mtu mzima ameita, na ukiitwa na mtu mzima unakwenda, unainama, unashika mkono wake. Nami nilikuwa najua akishuka hapo hatapanda tena. Nikamshika mkono kwa nguvu mpaka mifupa yake ikalia.

"Msalimie ukiwa hapa," nilimwambia.

"Mama, niko juu."

"Msalimie."

Akatoa kichwa dirishani. Lori ni refu. Ilimbidi atazame chini kumwona. "Shikamoo, babu," alisema.

Watu wa mtaa walikuwa wametufuata, wamesimama kando ya mtaro, miguu imejaa udongo. Mwalimu wa madrasa alikuwa ametoka mlangoni na wanafunzi wake. Salamu ilikuwa imetolewa mbele ya wote, na salamu ya mtoto haiachwi bila jibu. Mwinyihaji alishika ukingo wa dirisha. Alitazama juu. Sidhani kama amewahi kumtazama mtu wa Magogoni hivyo, shingo imepinda nyuma.

"Marahaba," alisema mwisho, na baada ya marahaba mbele ya mwalimu na watu wote, hakuweza tena kumshusha mtoto kwa nguvu.

Kioo kikapanda. Mimi nilisoma aya zote ninazozijua na zile nilizozisahau nusu. Kisha dereva wake akatazama nyuma juu ya bega lake, akatia rivasi, na Pijo ikaanza kurudi nyuma, ikiyumba, ikikwaruza ua, mpaka kwenye barabara ya lami.

Tulipita karibu yake sana. Sikugeuka kutazama. Odhiambo alianza kusema neno la mzaha, akanitazama, akaliacha. Tulipita Kongowea, sokoni kukiwa na watu tele, hakuna aliyejua tumebeba nini. Nilimwachia Salme mkono tulipofika upande wa pili wa daraja la Nyali, naye akaanza kuvinyoosha vidole vyake kimoja kimoja, akijaribu kama bado vinafanya kazi.